Kufungua pikipiki iliyoliwa na kutu: bolti ngumu kwanza, ikiwa bado imesimama

Wengi wanaoamua kufufua pikipiki kuukuu nyumbani huanza na vitu vinavyotoka kwa urahisi: kiti, vifuniko vya pembeni, tanki, magurudumu. Kufikia jioni fremu iko uchi, imelala ubavu sakafuni, na bolti ya swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, haijasogea hata kidogo. Hapo hakuna tena uzito wa kuishikilia wala breki ya kuzuia kitu kisizunguke, na kila ukivuta spana fremu nzima inakufuata. Bolti zilizoshikana zinalegezwa pikipiki ikiwa nzima, imesimama kwa magurudumu yake. Hilo ndilo la kwanza, na mpangilio wote wa kazi unatokana nalo.

Mfano wangu ni Honda CG125 ya zamani, ile ya volti 6 yenye platini, vile viguso vya kuwashia cheche. Ni pikipiki iliyotoka mwaka 1976 ikilenga nchi ambako pikipiki hubeba mizigo kila siku na oili hubadilishwa siku ikikumbukwa. Ndiyo maana vali zake husukumwa kwa fimbo badala ya cheni inayopanda hadi kichwani, na cheni ya gurudumu imefunikwa yote kwa bati. Injini yake ilinakiliwa sana China, na pikipiki nyingi za bodaboda zina ukoo nayo. Kwa hiyo maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Grogan kama wengi wanavyoendelea kuiita, yana pistoni, klachi, gasketi na kebo zinazokaribiana nayo. Nenda na kifaa cha zamani mkononi na kalipa ya kupimia; kufanana kwa macho hakutoshi. Kama yako ni Yamaha DT, AG100 au Honda XL, vipimo vitabadilika lakini kazi ni ile ile.

Kabla ya kushika spana

Anza na logbook, hati ya usajili wa pikipiki. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na namba ya injini iko kwenye kasha la injini upande wa chini. Zisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Usitumie grainda wala msasa hapo, kwa sababu tarakimu zilizokwisha kuliwa na kutu zikikwaruzwa mara moja tu hazisomeki tena. Linganisha herufi kwa herufi. Zikitofautiana na logbook, malizana na NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kabla ya kutia shilingi ya pili. Pikipiki yenye namba isiyosomeka, hata ing'ae vipi, ni vigumu kuthibitisha kuwa ni yako.

Nafasi ya mita 2 kwa 3 inatosha, ila iwe chini. Varanda ya ghorofa ya tatu haifai: petroli inanuka hadi kwa majirani, nyundo inasikika jengo zima, na mvuke wa petroli ukishuka kwenye chumba cha chini chenye jiko ni hatari ya kweli. Toa petroli yote kwanza, uitie kwenye mtungi wa chuma wenye kifuniko. Petroli ya miaka hunuka kama vanishi na huwa na rangi ya chai ya rangi. Usiijaribu kwenye pikipiki nyingine.

Vifaa si vingi. Spana za ringi kuanzia 8 hadi 19. Soketi 10, 12, 14, 17 na 19 ziwe za pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili hushika kichwa kwenye ncha tu na huviringa bolti iliyoliwa na kutu. Bisibisi ya kugonga, nyundo ya kilo 1, koleo la kubana na kujifunga, tochi ya gesi, brashi ya waya, mshumaa wa kawaida, miwani ya kukinga macho. Ongeza trei tano au sita za mayai.

Trei hizo zinafanya kazi kubwa. Kila moja ina vishimo 30, na kila kishimo kinapokea bolti, nati na washa zake kwa mpangilio zilivyotoka. Andika pembeni kwa kalamu: "injini, mbele, kushoto". Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini hata kabla ya hapo haikuwa mahali pazuri pa bolti zenye mafuta, maana ukishayachanganya makundi mawili, siku ya kufunga unabaki kubahatisha. Piga picha kwa simu kila hatua: pembe tatu kwa kila kitu, na picha za ziada kwa njia zinakopita kebo na nyaya. Picha 150 hadi 200 si nyingi kwa pikipiki moja. Picha ambayo watu husahau ni ile ya kebo ya klachi inavyopinda kuzunguka shingo. Ikipita upande usio wake, usukani ukikatwa kona huivuta na klachi inaachia yenyewe.

Subira ina nguvu kuliko mkono

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndani ya nyuzi za bolti hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu ikizaliwa humo inabana kama kabari. Pale bolti ya chuma inapoingia kwenye alumini mambo ni mabaya zaidi: maji yenye chumvi yakifika, alumini ndiyo inayoliwa, ikigeuka unga mweupe mgumu unaojaza kila mwanya. Ndiyo maana pikipiki iliyotoka Mombasa au Malindi hufunguka kwa shida kuliko iliyolala Nairobi miaka hiyo hiyo. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, jua hiyo inahitaji joto, si mkono.

Dawa ninayoiamini kuliko nyingi za kopo ni nusu asetoni, nusu ATF, ile oili nyekundu ya gia za otomatiki. Mililita 100 kwa 100 zinatosha pikipiki nzima. Viwili hivi hutengana vikitulia, basi tikisa chupa kila unapochota. Asetoni hupenya mwanya mwembamba ikibeba oili, kisha yenyewe inakauka na oili inabaki. Inakula rangi na plastiki, kwa hiyo tumia chupa ya glasi na bomba la sindano. Safisha kwanza nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya. Dawa iliyomwagwa juu ya tope hunyonywa na tope. Tia matone matatu au manne asubuhi, mengine jioni, kwa siku tatu. Bolti mbaya kabisa zipewe wiki.

Baada ya hapo gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, wima, mara tano au sita. Si kwa hasira, ni mapigo makavu ya kuipasua kutu iliyoganda. Halafu jaribu kuikaza kwanza, kidogo sana. Ikisogea nywele moja upande wa kukaza, umeshinda, kwa sababu kutu imevunjika na sasa utailegeza robo mzunguko, uirudishe nusu ya hiyo, utie tone jingine, uendelee. Anayeivuta upande mmoja tu anaikusanya kutu yote mbele ya nyuzi mpaka ikwame tena.

Sikiliza na uhisi mkononi. Bolti inayolegea hutoa mlio mfupi, kriik, halafu mkono unasikia ule wepesi wa ghafla, na unga wa rangi ya kahawa unatoka kwenye ukingo wa washa. Bolti inayotaka kukatika haitoi mlio. Inazunguka laini, kama unavuta mpira, bila kuwa nyepesi wala nzito. Ukihisi ulaini huo, simama papo hapo. Chuma kimeanza kujinyonga, na digrii 20 zaidi za mzunguko zitakiacha kichwa mkononi mwako.

Hapo ndipo joto linaingia. Alumini iliyopashwa moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha alumini iliyoizunguka bolti. Ukitia tone la maji likachemka na kuruka, joto linatosha. Palipo na chuma kwa chuma, pasha nati ili itanuke kuizidi bolti yake. Kisha gusisha mshumaa kwenye nyuzi zikiwa za moto: nta inayeyuka na kunyonywa ndani, nawe utaiona ikizama ukingoni. Acha ipoe kidogo, jaribu. Lakini futa dawa ya asetoni yote na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha tochi, na tanki liwe nje, mbali. Kama umetumia dawa ya kusafishia breki yenye klorini, usipashe moto mahali hapo kabisa, kwa kuwa ikiungua hutoa gesi ya sumu.

Orodha ya kulegeza ikiwa bado nzima

Legeza tu, usitoe. Nati za ekseli ya mbele na ya nyuma. Nati za sproketi ya nyuma, breki ikiwa imekanyagwa. Bolti mbili ndogo za sahani inayoshika sproketi ya mbele, cheni ikiwa bado imevaliwa na gia imeingizwa. Nati ya sumaku ya injini, kwa gia ya juu kabisa na breki ya nyuma. Vifuniko vya juu vya foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, baada ya kulegeza kibano cha juu kinachozikaba. Nati kubwa ya shingo ya usukani. Bolti za kushika injini, zote. Shokamzoba juu na chini. Na bolti ya swingamu, ambayo inastahili maneno yake yenyewe.

Skrubu za vifuniko vya injini ni jambo jingine ambalo pikipiki za Kijapani huadhibu watu. Zinafanana na skrubu za nyota za kawaida, lakini msalaba wake umechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, chenye kina tofauti. Ncha ya bisibisi ya kawaida inagota chini kabla kingo zake hazijashika, hivyo inapanda na kutafuna kichwa. Nyingi zina kitone kidogo kilichogongwa karibu na msalaba. Ukikosa bisibisi ya JIS, kata ncha ya bisibisi ya nyota namba 3 karibu nusu milimita kwa jiwe la kunolea, itazama vizuri. Kwa vifuniko vya injini tumia bisibisi ya kugonga: iwekee mwelekeo wa kulegeza, isukume ndani, ipige pigo moja zito. Mapigo madogo madogo huharibu. Kichwa kikishatafunwa, kitoboe kwa drili ya milimita 6 hadi kitengane, toa kifuniko, na kile kipande kilichobaki wima kitatoka kwa koleo, mara nyingi bila ubishi, kwa kuwa mkazo wake umekwisha.

Bolti ya swingamu

Hii ndiyo inayowafanya watu kuuza pikipiki vipande vipande. Ni bolti ndefu inayopita upande mmoja wa fremu hadi wa pili, katikati ya bushi za mkono wa nyuma. Kila bushi ina bomba la chuma ndani na mpira nje. Maji huingia, hayatoki, na bolti inashikana na yale mabomba kwa urefu wote. Nati inatoka bila taabu, unafurahi, halafu bolti haisogei mbele wala nyuma.

Usianze kuipiga kwenye nyuzi. Bolti ikipigwa hovyo mwisho wake unapanuka kama uyoga na hautapita tena kwenye tundu. Jaribu kwanza kuizungusha kwa kichwa, spana ndefu, mtu wa pili akiwa ameshika pikipiki. Ukiona inazunguka, tazama vizuri: inazunguka peke yake, au inazunguka pamoja na bomba huku mpira ukijinyonga na kuirudisha? Ikirudi nyuma kama spring'i, bado imeshikana. Tia dawa kutoka pande zote mbili, pikipiki ikiwa imeinamishwa kushoto siku mbili, kisha kulia siku mbili, ili dawa itembee hadi katikati.

Ikikubali, irudishie nati mpaka ilingane na mwisho wa nyuzi, weka kipande cha shaba au mti mgumu juu yake, ndipo upige kwa nyundo nzito. Nyundo nyepesi inaponda, nyundo nzito inasukuma. Ikitoka sentimita mbili, endelea kuifukuza kwa chuma cha mviringo chembamba kidogo kuliko bolti yenyewe.

Ikikataa baada ya wiki nzima, ikate. Kati ya fremu na swingamu kuna mwanya mdogo kila upande, na bledi ya msumeno wa chuma iliyoshikwa kwa kitambaa inaingia humo. Ni kazi ya saa moja au mbili kila upande na utavunja bledi tatu, lakini fremu na swingamu vinabaki salama. Bushi zilikuwa za kutupwa hata hivyo. Kinachouma ni bolti, na hapa nasisitiza: isibadilishwe na fimbo ya nyuzi ya dukani wala chuma laini cha geti. Tafuta ya kiwandani au ya pikipiki nyingine yenye kipenyo kile kile, au mpelekee mkerezaji wa Kariobangi Light Industries akukerezee ya chuma kigumu cha EN8 kwa kipimo ulichompa. Gurudumu la nyuma linaning'inia kwenye bolti hiyo.

Nati za ekzosi

Nati mbili zinazobana ekzosi kwenye kichwa cha silinda zimeunguzwa na kupoa mara maelfu. Mara nyingi hazina tena umbo la pembe sita. Studi zake, yaani bolti zisizo na kichwa zinazoshika nati hizo, zimeingia kwenye alumini, na studi ikikatikia ndani ni siku nzima ya kazi. Kwa hiyo nati ndiyo ya kutolewa kafara. Ipige tupa upande mmoja mpaka ukaribie kuziona nyuzi za studi, kisha ipasue kwa patasi ndogo. Inafunguka kama ganda la karanga.

Kama studi imeshakatika na imebaki nje milimita 4 au 5, vika nati mpya juu yake na umwambie fundi wa kuchomelea aijaze katikati ya nati. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza studi, na nati inakupa mahali pa kuweka spana. Ipoe mpaka iweze kuguswa, kisha izungushe polepole. Iliyokatika sawa na uso wa alumini itobolewe: weka alama katikati kabisa kwa senta panchi, anza na drili ya milimita 3, kisha, kwa studi ya M6 (kipenyo cha milimita 6), drili ya 5 na tapi ya kukata nyuzi. Tundu likienda upande, halina budi kupanuliwa hadi 6.3 na kutiwa uzi wa helikoili, ule waya uliosokotwa unaokuwa nyuzi mpya. Vile vyuma vya kung'olea bolti vyenye nyuzi za kushoto havifai kwa studi ndogo. Ni vigumu sana na vinakatikia ndani, na ukishapata kipande hicho tunduni, drili ya kawaida haikitoboi.

Sasa ivunje

Baada ya yote hayo kulegea, kushusha pikipiki ni kazi ya alasiri moja. Kiti, tanki, vifuniko, betri. Nyaya zitenganishwe kwenye viungio vyake, zisikatwe, na kila mwisho upewe kipande cha masking tepu chenye jina. Kwenye Honda kijani ni ardhi, nyekundu ni betri, nyeusi ni moto unaopita kwenye swichi, rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto na buluu hafifu ya kulia. Toa waya wote kama mti mmoja na uuning'inize ukutani.

Injini itolewe oili kwanza. Oili iliyo nyeupe kama chai ya maziwa ina maji. Iliyo nyepesi na inanuka petroli imepokea tanki zima kupitia kabureta iliyovuja. Usiimwage mtaroni. Iweke kwenye mtungi na uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Injini yenyewe mtu mmoja anaweza kuibeba, lakini wawili ni bora, mmoja akichomoa bolti ya mwisho huku mwingine ameishika. Weka tairi kuukuu chini yake.

Kama injini haizunguki, usirukie kiki. Meno ya kiki na ya gia zake huvunjika kabla pistoni haijaachia. Ni afadhali ujaribu ikiwa bado kwenye fremu: toa plagi, mimina vijiko vinne vya dawa ile ile ndani ya silinda, funika tundu kwa kitambaa, acha siku tano ukiongeza kila jioni. Kisha ingiza gia ya juu na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Ikisogea milimita mbili leo, kesho itasogea kumi. Hata ikizunguka, isiwashwe. Ringi zilizoshikana zimeacha mstari wa kutu kwenye silinda, na mstari huo lazima uonekane na upimwe. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 56.5.

Ukifungua kifuniko cha upande wa klachi utakuta kichujio cha oili kinachozunguka na kutupa uchafu ukutani kwa kasi. Ukoko wake ukikwanguliwa kwa mti unakueleza injini ilitunzwaje: mweusi laini ni kawaida, wenye vipande vinavyong'aa ni beringi au pistoni.

Breki za zamani zifunguliwe kwa maji. Shuu za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha, pangusa kwa karatasi, tupa ikiwa bado mbichi.

Foki: spring'i iliyo ndani inasukuma kifuniko cha juu, shika kwa nguvu mzunguko wa mwisho. Bolti ya eleni iliyo chini kabisa huzunguka bure kwa sababu kile inachoshika ndani nacho kinazunguka. Chonga mpini wa ufagio uwe na ncha nene, uchomeke kutoka juu mpaka ukabe, umpe mtu aushike. Pitisha kidole juu ya kromi: mahali ukucha unapokwama ndipo sili mpya itakapokatika na kuvuja. Vidoti vilivyo juu, eneo lisilofika kwenye sili, havina madhara. Kromi yenye madoa mepesi husafika kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji, maana alumini ni laini kuliko kromi na haiikwaruzi. Iliyobabuka haina dawa.

Shingo ya usukani ina gololi zisizoshikwa na kitu. Tandaza shuka chini kabla ya kushusha foki, hesabu za juu na za chini kando kando, andika. Gololi mpya ni za bei ndogo, lakini idadi usipoijua utajaza hadi zibanane, na usukani utakuwa mzito.

Tanki na magadi

Tanki lililotolewa petroli bado ni bomu. Mvuke ndio unaolipuka, na mvuke umejificha kwenye kutu. Asipewe fundi wa kuchomelea kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto mara tatu na kujazwa maji. Matundu madogo ya sindano ni afadhali yazibwe kwa lehemu kuliko kuchomelewa, kwani bati limekuwa jembamba na moto wa kuchomelea hulipanua tundu.

Kwa kutu ya ndani natumia asidi ya sitriki, ile ya unga mweupe inayouzwa na maduka ya kemikali za sabuni. Gramu 70 kwa lita, yaani gramu 700 kwa tanki la lita 10, maji yakiwa ya moto kiasi. Ingiza kipande cha cheni ndogo na ukitikise dakika kumi kabla. Cheni hutoka nzima, nati ulizozitupa humo moja hubaki. Jaza hadi mdomoni, kwa sababu mstari wa maji huacha mstari wa kutu mpya. Baada ya saa 12 chungulia kwa tochi; saa 24 ndiyo mwisho. Mwaga, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea, kisha maji safi, kisha kikombe cha spiriti kinachobeba unyevu uliobaki, na ulianike juani palipo na upepo. Likikauka paka ndani kwa kuzungusha oili kidogo. Weka mitungi miwili mitatu ya maji kando kabla ya kuanza; mfereji ukikauka katikati ya kusuuza, asidi inaendelea kula. Asidi ya betri, ambayo mafundi wengine huipendekeza, inaondoa kutu kweli na inaendelea na bati lenyewe.

Vipande vya chuma kama stendi, kikanyagio na madigadi vinapona vizuri kwa umeme. Beseni la plastiki, maji, chaja ya betri ya volti 12, kipande cha chuma cha kutupwa, na soda ya kufulia kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4. Watu huuliza kama magadi ya sokoni, yale ya kulainishia githeri, yanafaa. Yanapitisha umeme, lakini huwa yamechanganyika na chumvi, na chumvi huharibu kazi na kutoa klorini. Nunua soda iliyosafishwa. Waya hasi unaenda kwenye kipande unachokiokoa, chanya kwenye chuma cha kutupwa. Ukikosea unakula pikipiki yako. Chuma cha kutupwa kisiwe stenlesi, kwa kuwa kromi yake inageuka sumu majini. Usiingize alumini, italiwa, wala spring'i, kwani haidrojeni huzifanya ziwe za kuvunjika. Fanya nje, mbali na moto. Stima ikipotea usiku hupotezi kitu ila muda. Maji ya soda hayaozeshi chuma haraka.

Bolti zichambue mwishoni. Zinazobeba uzito zirudi zilezile kama nyuzi zake ni nzima, au zibadilishwe na zenye alama ya nguvu, 8.8, kichwani. Zisizo na alama yoyote ni za milango.

Fremu ikibaki peke yake, ioshe na uikague kwa tochi chini ya shingo, kwenye viungo vya stendi na pale shokamzoba zinaposhika. Ufa huonekana kama mstari wa kutu mwembamba unaotokea kwenye rangi iliyo nzima. Kabla ya kuipeleka Industrial Area kupigwa mchanga, acha vikombe vya zamani vya gololi mahali pake vilinde matundu vinamokaa, jaza kila tundu la nyuzi kwa bolti mbovu, na umwambie fundi kwamba praima inapakwa siku ile ile. Aprili na Novemba chuma kilichovuliwa rangi kinaanza kuwa cha manjano ndani ya saa chache. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe mara mbili juu ya namba ya chasisi na ukifunge kwa waya. Mchanga hauwezi kula mpira kwa urahisi, ila tarakimu zilizogongwa nusu milimita unazifuta kwa dakika moja.